Rodney Hakusema Hivyo

Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wapo walioanza kuuliza kama kalamu imekauka. Haijakauka. Nilikuwa mkoani Tanga, nusu ya muda Korogwe na nusu Handeni, kwa msiba wa upande wa mama. Msiba ukiisha watu hukaa, watu wakikaa huzungumza, na bibi yangu akianza kuzungumza mimi huchukua daftari. Safari hii alinipa na kitu cha kushika mkononi, nitakieleza baadaye. Kwanza nimalize ugomvi wangu wa zamani na mwalimu mmoja, pamoja na marehemu mmoja ambaye kumbe hakuwahi kunikosea.

Marehemu huyo ni Walter Rodney. Kama umesoma historia kidato cha tano na cha sita hapa Tanzania, unamjua hata kama hujawahi kushika kitabu chake. Jina lake ni kama chumvi: unalitia kwenye kila jibu. Swali likiwa la utumwa, Rodney. Likiwa la reli, Rodney. Likiwa la kwa nini kijijini kwenu hakuna maji, Rodney tena. Mwalimu wetu alikuwa akisimama mlangoni na karatasi zake zilizochakaa, anasoma, sisi tunaandika. Hakuna aliyeuliza.

Siku moja likaja swali la athari za biashara ya utumwa katika Afrika Mashariki. Mimi nikajifanya mjuaji. Nikaandika yale ya Wazungu, Waarabu na mabeberu kama tulivyoandikishwa, halafu nikaongeza aya moja niliyoitoa kwa bibi. Bibi yangu ni Mzigua wa Handeni. Kwao wanasimulia kuwa zamani sana, wakati wa njaa, bibi wa bibi yake alitolewa na baba yake mwenyewe kwa mtu mwenye ghala la mahindi. Aliwekwa rehani. Kaka yake alipelekwa Pangani na hakuonekana tena. Nikaandika kwamba waliomtoa hawakuwa Wazungu wala Waarabu, walikuwa ndugu zake na jumbe wao.

Karatasi ikarudi na alama 4 kati ya 20. Pembeni ya aya ile, kwa wino mwekundu na kwa Kiingereza, maana historia tulifundishwa kwa Kiingereza, mwalimu ameandika maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: Rodney hakusema hivyo.

Shule siitaji, na mwalimu simtaji. Alikuwa mtu mwema, na ndivyo alivyofundishwa na yeye. Lakini ile alama nne nilikaa nayo miaka mingi. Nilimchukia Rodney. Nilimwona ni mzee fulani mwenye ndevu anayemwambia bibi yangu kwamba ukoo wake umekosea kukumbuka.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikasoma vitabu vyake kwa macho yangu mwenyewe. Nikaanza kucheka peke yangu maktaba.

Tumjue mtu kwanza. Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942. Akasoma Jamaika, kisha London, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24 tu, akapata udaktari wa historia. (Sisi kwa umri huo wengine tulikuwa bado tunatafuta kazi ya kujitolea redioni.) Mwaka huohuo akaja kufundisha Dar es Salaam. Akaondoka kwenda kufundisha Jamaika, na Oktoba 1968 serikali ya kule ikamzuia kuingia nchini alipokuwa anarudi kutoka mkutanoni Kanada. Vijana wakaingia barabarani Kingston, ikawa vurugu kubwa. Mwaka 1969 akarudi Mlimani na kukaa hadi 1974. Hapo ndipo alipoandika kile kitabu, How Europe Underdeveloped Africa, kilichotoka mwaka 1972 London na hapa Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House. Maneno ya mwisho ya kitabu yaliandikwa na Abdulrahman Babu, na mwaka huohuo Babu akatupwa kizuizini. Kwa hiyo hata kabla hakijawa kitabu cha kukariri, kilikuwa na harufu ya moto.

Watu wa rika letu tunadhani Rodney alikuwa kipenzi cha serikali. Si kweli. Desemba 1969, kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati hapa Dar, alisema maneno makali kuhusu uhuru wa bendera na viongozi waliorithi viti vya wakoloni. Gazeti la chama, The Nationalist, likamshukia kwa tahariri iliyomwita mpayukaji wa mapinduzi ya mdomoni. Inaaminika kuwa aliyeiandika ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Fikiria, rais wa nchi anakaa chini kumwandikia tahariri mhadhiri wa miaka 27! Rodney akajibu kwa barua katika gazeti lilelile, akatetea yake na kukubali kwamba mgeni ana mipaka yake. Mwaka uliofuata kikundi cha wanafunzi wa mrengo wake pale chuoni, pamoja na jarida lao la Cheche, kikapigwa marufuku. Yeye hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha, na hilo nalo tulihesabu upande wa Mwalimu.

Mwaka 1974 akarudi kwao kuchukua uprofesa aliokuwa amepewa, serikali ya Forbes Burnham ikazuia ajira ile. Akaingia kwenye siasa. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano likamlipukia ndani ya gari. Alikuwa na miaka 38. Tume ya uchunguzi iliyoanza kazi mwaka 2014 na kutoa ripoti mwaka 2016 ilihitimisha kuwa Burnham, waziri mkuu wa wakati ule, alikuwa anaujua mpango huo na alikuwa sehemu yake.

Sasa mtu wa namna hiyo, mtu aliyegombana na serikali mbili tatu na kuuawa, amegeuzwaje kuwa jibu la mtihani? Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna njia nzuri ya kumnyamazisha mtu mkorofi kama kumwingiza kwenye mtaala. Unachukua kurasa karibu mia tatu, unazikamua zibaki mistari sita: Afrika ilikuwa inaendelea, Wazungu wakaja, wakachukua watu, wakachukua mali, wakaacha umaskini, mwisho. Mistari ile sita si uongo. Ila imeacha nje nusu ya mwandishi.

Nusu iliyoachwa ni hii. Kazi ya kwanza ya Rodney haikuhusu Wazungu peke yao. Tasnifu yake, iliyotoka kama kitabu mwaka 1970, ilihusu pwani ya Guinea ya Juu kule Afrika Magharibi tangu mwaka 1545 hadi 1800. Na humo, tena kwa ukali, anaonyesha jinsi watawala wa Kiafrika walivyoshirikiana na wanunuzi: jinsi sheria za jadi zilivyopindishwa ili kosa dogo lizae mtu wa kuuza, jinsi wenye vyeo walivyojinusuru na wanyonge wakauzwa. Mwaka 1966 alikuwa ameshaandika makala nzima kubishana na wale waliosema Waafrika waliuza watumwa kwa sababu utumwa ulikuwa desturi yao tangu mwanzo. Yeye akasema, kwa pwani ile, mambo yalikwenda kinyume: biashara ya Wazungu ndiyo iliyoukuza utumwa wa ndani, na wakubwa wa Kiafrika waliukuza kwa sababu waliona faida. Kwake lilikuwa suala la nani mwenye nguvu na nani hana. Rangi peke yake haikumtosha.

Kwa maneno mengine, Rodney alisema hivyo. Alisema karibu kilekile alichosema bibi yangu, isipokuwa bibi hana tanbihi.

Tuje nyumbani sasa. Handeni ukiitazama kutoka kwenye basi unaona vichaka, mahindi, mkaa umepangwa kando ya barabara. Huwezi kudhani kuwa hapa pana habari iliyofika hadi Somalia. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiuza wenyewe au watoto wao, wengine wakadanganywa kwamba wanapelekwa kufanya kazi na kurudishwa. Wengi waliishia Zanzibar. Wengine walipakiwa majahazini hadi pwani ya Benadir, wakatoroka mashamba ya mabwana zao na kujenga vijiji vyao bonde la mto Juba. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia na hamsini, na Kizigula chao hawakukiacha.

Mwaka 1991 Somalia ikavunjika. Baadhi yao wakapanda mashua kuelekea kusini, kule ambako babu zao waliwaambia ndiko walikotoka. Serikali yetu iliwapokea, wakawekwa Mkuyu, Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyohiyo. Zaidi ya elfu moja kati yao baadaye wakapewa uraia. Nimefika Chogo. Nilikwenda na bibi, kwa sababu nilitaka mkalimani, na pia kwa sababu ukimwacha nyumbani hununa. Alikaa na akina mama wa pale wakaongea saa nzima, maneno mengine yakawashinda wakacheka, mengine bibi akasema hayo aliyasikia kwa mama yake tu. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mume wangu, wale ni watu wetu walioliwa na njaa." Hakusema walioibwa. Alisema walioliwa na njaa. Mwanahistoria mzuri angekaa na maneno hayo muda mrefu.

Maana njaa nayo ina mwenyewe. Mwenye ghala la mahindi ni nani? Mmarekani James Giblin aliyefanya utafiti Handeni, kitabu chake kilitoka mwaka 1992, anaeleza kuwa Uzigua ya karne ya 19 ilikuwa na wakubwa waliokusanya watu chini yao: wakimbizi, mateka, waliowekwa rehani, ndugu maskini. Mkubwa aliwalisha wakati wa ukame, nao walimlimia na kumfyekea vichaka. Kufyeka huko ndiko kulikozuia ndorobo na kuwezesha watu kufuga. Halafu likaja pigo la miaka ya 1890: sotoka ikamaliza ng'ombe, nzige wakala mashamba, na Wajerumani wakaingia juu yake na kodi na amri. Wakubwa wakapoteza uwezo wa kulisha watu, watu wakatawanyika, vichaka vikarudi, na ndorobo wakarudi navyo. Helge Kjekshus, aliyefundisha Mlimani, alikuwa ameshasema jambo la jinsi hiyo kwa Tanganyika nzima mwaka 1977.

Kwa hiyo vile vichaka unavyoviona kutoka kwenye basi si uasilia wa Afrika. Vimetengenezwa na historia. Hapo Rodney anashinda kwa mabao mengi: kubaki nyuma si hali tuliyozaliwa nayo, ni jambo lililotendwa. Lakini bibi naye anashinda, kwa sababu ule ulimwengu uliovunjwa haukuwa pepo. Ulikuwa na wasichana waliowekwa rehani kwa vibaba vya mahindi.

Ukivuka kutoka Handeni kuingia Korogwe, kilomita 65 za lami, unakutana na upande wa pili wa hadithi. Mazinde iko wilaya ya Korogwe, barabara ya kwenda Same. Hapo ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri ya Nyumbai, mtawala mkuu wa Usambaa aliyefariki mwaka 1862. Baba alikaa mlimani Vugha, akitawala kwa heshima ya mvua na matambiko. Mtoto akakaa bondeni kwenye njia ya misafara, kwa sababu bondeni ndiko bunduki zilikopita. Vita vya kugombea urithi vilipoanza, bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Wasambaa na Wabondei waliuzwa kwa maelfu na watawala waliopaswa kuwalinda. Mwarabu hakuhitaji kupanda mlima.

Tena mtoto wa shule pale Mazinde anaweza kumaliza kidato cha sita akijua majina ya wafalme wa Dahomey na asijue Semboja alikuwa nani.

Sasa kile kitu nilichopewa na bibi. Ni kipande cha babu.

Babu yangu, mume wa huyu bibi, alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja Korogwe kama manamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, bei ya mkonge ilipopaa kwa sababu ya vita vya Korea. Manamba, kwa wasiojua, ni wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali na kupewa namba. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya watu, SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944, na Kigoma ilikuwa moja ya mabwawa ya kuvulia. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilikuwa bado, ilikamilika mwaka 1963, kwa hiyo babu alishuka treni Morogoro na kupakiwa lori hadi Korogwe, kupitia Handeni. Alikuwa akisema kuwa mara ya kwanza kuona Handeni aliiona kupitia upenyo wa mbao za lori.

Mkonge wenyewe ulikuja mwaka 1893. Daktari Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge. Tatizo la wenye mashamba tangu mwanzo lilikuwa moja: wenyeji hawakutaka kuukata. Mzigua na Msambaa walikuwa na mashamba yao, wakaona afadhali kuuza chakula kuliko kuchomwa na miiba kwa ujira ule. Ndiyo maana akaletwa Muha.

Kipande ni kadi yenye visanduku 30. Kila siku ukimaliza kazi uliyopangiwa, sanduku moja linatiwa alama. Nyapara akisema matita yako hayakutimia, siku hiyo haikuwepo duniani, ingawa miguu yako inajua ilikuwepo. Visanduku vikijaa ndipo unalipwa. Kadi ya babu imejaa 19. Kumi na moja vitupu.

Na hapa ndipo nilipomsamehe Rodney kabisa. Wakati anafundisha Dar es Salaam, yule mtu wa maneno makubwa ya dunia nzima alikuwa pia anachimba habari za watu kama babu yangu. Yeye pamoja na Watanzania wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, waliandika kitabu kuhusu vibarua wa kuhamahama katika mkonge, namna walivyokusanywa na hali zao za kazi. Sehemu ya Sago ni ya Kigoma, ghala la vibarua. Sehemu ya Tambila ni ya Tanga, sumaku iliyowavuta. Yaani kwao babu na kwao bibi ndani ya jalada moja! Kilitoka Hamburg mwaka 1983, miaka mitatu baada ya kifo cha Rodney. Shuleni kwetu, katikati ya nchi ya mkonge, hakuna aliyewahi kukitaja.

Nilimsomea bibi baadhi ya yaliyomo, nikitafsiri. Alikubali mengi, akakataa moja. Nilipofika kwenye manamba kama watu waliong'olewa kwao wakawa hawana kitu, akanikatiza. Babu yako, akasema, alinunua baiskeli. Alinioa kwa mahari kamili, akawapelekea kwao Kasulu hela ya bati. Mwaka 1958, wafanyakazi wa shamba la Mazinde walipogoma kwa wiki kadhaa, babu, ambaye hakuwa hata wa shamba lile, alikuwa anapeleka unga usiku kwa hiyo baiskeli. Mazinde ileile ya Semboja. Bibi anamkumbuka kama mtu aliyeonewa na bado akabaki na akili zake na hila zake, na hakubali amwage upande mmoja ili kitabu kikae sawa.

Nadhani Rodney angemsikiliza. Nasema hivyo kwa sababu miaka yake ya mwisho aliandika pia vitabu vya historia kwa watoto wa Guyana. Kimoja, Kofi Baadu, kinamhusu mtoto aliyetolewa Afrika. Kingine kinamhusu Lakshmi aliyetoka India. Alitaka watoto wa nchi iliyogawanyika kwa rangi wajue kila mmoja alifikaje pale. Akawapa mtu mwenye jina, badala ya mistari sita ya kukariri.

Haya nayaandika sasa kwa sababu mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Wazo lilisukumwa na Rais Magufuli kabla hajafariki. Kwa Kiswahili nimefurahi, bibi anaweza kusomewa bila mimi kutafsiri. Kwa hilo neno maadili nina wasiwasi kidogo. Mtoto wa Korogwe akiandika kuwa jumbe aliuza watu, litakuwa jibu la historia au ukosefu wa maadili?

Siku ya kuondoka nilipita kwenye shule moja ya kata ambako rafiki yangu anafundisha. Nikawaonyesha wanafunzi wa kidato cha kwanza kile kipande. Wakakipitisha mkono kwa mkono, wakahesabu visanduku. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama zile siku 19 babu alilipwa. Nikamwambia sijui, nitamuuliza bibi. Nimepiga simu jana. Bibi anasema hakulipwa, alitoroka, na namba iliyo kwenye kadi si yake. Ni ya rafiki yake aliyefia kambini, na babu aliitunza ili siku moja aipeleke kwao Kasulu.

Nauli ya Kasulu nimeshaulizia. Nikipata jina la ule ukoo nitawaambia.